Mle Wapi Mkienda Disney Orlando na Watoto

Naishi Tampa, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari hadi Disney kama barabara ya I-4 haijafungana. Kwa hiyo kila jamaa anayekuja Marekani, awe ametoka Mombasa, Muscat au London, huishia kunipigia simu. Tiketi hukata wenyewe, hoteli huchagua wenyewe, lakini likija suala la chakula naambiwa, "Wewe ndiwe mwenyeji, tupeleke." Nimewapeleka wenye watoto wachanga, nimewapeleka vijana wasiotaka kuonekana na wazazi wao, na nimempeleka mavyaa wangu, ambaye hatii kinywani nyama asiyojua imechinjwa vipi na hakubali kuwa chai ni maji moto na kijifuko pembeni.

Mkahawa wa familia haujulikani kwa picha za menyu wala kwa nyota za mtandaoni. Hujulikana kwa dakika: tangu mkae mpaka kitu cha kutafuna kimfikie mtoto mdogo kuliko wote, zimepita ngapi? Zikizidi kumi na tano kwa mtoto aliyetembea juani tangu asubuhi, basi hata chakula kiwe kitamu vipi, mmoja wenu atakila kimepoa baada ya kutoka nje kumbembeleza. Ndiyo maana mimi huanza na saa, halafu umbali. Menyu huja mwisho.

Saa ya kula

Wamarekani hula mapema, na Orlando hula mapema zaidi. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa mbili usiku, mikahawa yote iliyo karibu na Disney hujaa, na mlangoni mnapewa namba na kuambiwa msubiri. Wenye watoto waingie saa kumi na moja jioni, au hata kabla ya hapo. Mchana pia msingoje saa saba. Saa tano na robo mwafaka. Kwetu saa kumi na moja ni saa ya chai na mahamri, najua, na siku ya kwanza wageni hunung'unika. Siku ya pili huniuliza wenyewe kama tumechelewa.

Wakija kati ya Juni na Septemba nawaambia jambo jingine. Miezi hiyo mvua ya radi hupiga alasiri karibu kila siku. Ikianza, watu wote walio kwenye bustani za michezo za Disney hukimbilia penye paa, na penye paa ndipo penye mikahawa. Ukiona wingu limeanza kuwa jeusi upande mmoja, usingoje tone la kwanza. Ingia, agiza juisi na chipsi, kaa.

Usiku baada ya fataki za Disney, msipange mkahawa wowote. Watu maelfu hutoka kwa pamoja, mabasi yamejaa, watoto wamelala mabegani. Usiku huo chakula kiwe kwenye friji ya chumbani tangu mchana: kuku mzima wa kuokwa wa supamaketi ya Publix au Walmart, mkate, ndizi, maziwa. Publix pia hutengeneza mikate mirefu ya kujazwa, na mnakatiwa vipande vinne vya watoto mkiomba. Kabla ya kukata hoteli, uliza kama chumba kina friji na maikrowevu. Kwa familia yenye watoto swali hilo lina faida kuliko kuuliza bwawa la kuogelea lina ukubwa gani.

Mmelala wapi hasa?

Kila hoteli hujiita "karibu na Disney". Disney World yenyewe ni kama maili 40 za mraba, kwa hiyo mtu anaweza kuwa karibu na ukingo wake na bado awe mbali na kila alichokuja kukiona. Fungua ramani, weka hoteli yako, kisha angalia muda wa gari wa saa kumi na mbili jioni, si wa saa nne asubuhi. I-4 jioni haina huruma.

Mkiwa Lake Buena Vista, upande wa Palm Parkway na barabara ya 535, mko pazuri. Mikahawa ya kawaida ya familia iko dakika chache, na Disney Springs iko jirani. Hiyo Disney Springs ni mtaa wa maduka na mikahawa. Kuingia hakuna tiketi na kuegesha gari ni bure, kwenye majengo ya ghorofa yaitwayo Lime, Orange na Grapefruit. Piga picha namba ya ghorofa na safu kabla hujatoka garini. Usiku na mtoto mgongoni, majina ya matunda yote hufanana.

Mkiwa Kissimmee, barabara ni ya 192. Hapo bei hushuka, na mikahawa imepangana maili kwa maili: bufe kubwa kama Golden Corral, kifungua kinywa cha Denny's na IHOP, Cracker Barrel, pizza za kila aina. Kando ya barabara kuna alama zenye namba zilizowekwa kwa ajili ya wageni, na ukipiga simu mkahawani watakwambia wako karibu na alama namba ngapi. Lakini 192 ni barabara pana yenye magari ya kasi. Mkahawa ukiwa ng'ambo yake, hesabu kuwa uko mbali, hata kama mnauona dirishani. Msivuke kwa miguu na watoto usiku, chukueni gari.

Barabara ya International Drive huwafaa zaidi wanaokwenda Universal, washindani wa Disney wenye bustani zao za michezo, pamoja na bustani mpya ya Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025. Faida yake kwetu ni mikahawa ya Kihindi, ya Kipakistani na ya Kiarabu yenye nyama ya halali. Kutoka hoteli za Disney si mwendo wa kila jioni, ila siku ya mapumziko, isiyo na bustani, inastahili safari.

Na mkilala ndani ya Disney kwenyewe, jueni kwamba mabasi yao hayatoki hoteli moja kwenda nyingine moja kwa moja. Lazima mpitie bustani mojawapo au Disney Springs, mbadilishe. Chakula cha hoteli nyingine kwa basi kinaweza kula saa nzima na zaidi kwenda tu. Mwenye gari aende na gari, na awe na namba ya buking mkononi, maana mlinzi wa getini huuliza mnakwenda wapi.

Kubuku mezani

Mikahawa ya Disney ya kukaa na kuhudumiwa hufunguliwa kwa buking siku 60 kabla, saa kumi na mbili asubuhi ya Orlando. Kwa jamaa aliye Mombasa au Dar hiyo ni saa saba mchana, na majira ya baridi huku, ni saa nane. Yaani ninyi mlio nyumbani mnaibuku mkiwa macho kabisa, ilhali sisi wa huku tunaamka na matongo. Anayelala hoteli ya Disney huruhusiwa kubuku siku zake za kukaa, hadi kumi, zote kwa mkupuo mmoja. Ukibuku na usitokee bila kughairi mapema, unakatwa kwenye kadi, kwa kawaida dola 10 kwa kila kichwa. Familia ya watu saba, piga hesabu.

Msibuku kila siku. Mtoto wa miaka minne hajui kwamba saa kumi na moja na dakika ishirini lazima awe na njaa. Mimi hubuku mlo mmoja wa kukumbukwa kwa safari nzima, labda miwili, na kwingine kote tunakula tunapojisikia, kwenye kaunta za kuagiza kwa simu. Programu ya Disney hukuruhusu kuchagua chakula mkiwa bado kwenye foleni ya mchezo, ukabonyeza mkifika, ukaitwa kikiwa tayari. Hapo zile dakika za mtoto mdogo zinakaribia sifuri. Kaunta hizo pia hutoa maji baridi ya kikombe bure ukiomba. Familia nzima ikinywa maji ya chupa kutwa, pesa hiyo hununua chakula cha mtu mmoja.

Chakula cha nyumbani nacho huruhusiwa kuingizwa bustanini. Walinzi hupekua mifuko, wanakataza chupa za kioo na barafu iliyomwagwa tu ndani ya kontena. Samosa, katlesi na mkate wa siagi hupita. Mavyaa wangu hawezi kuamini kuwa nchi ambayo kila kitu ni pesa humwachia aingie na kikapu chake.

Mlo mmoja wa kukumbukwa

Nikiulizwa mahali pa kutumia ile buking moja, kwa familia ya kwetu jibu langu ni Sanaa. Iko Kidani Village, sehemu ya hoteli ya Disney iitwayo Animal Kingdom Lodge. Chakula chake ni cha mchanganyiko wa Kihindi na Kiafrika, na madirisha yake yanaangalia mbuga ambako twiga na pundamilia hupita wakila majani. Mgeni kutoka Kenya ataniambia hakuruka bahari kuja kuona pundamilia. Sawa. Lakini si yeye ninayemchagulia. Ni yule wa miaka mitatu, ambaye atakaa kimya mdomo wazi huku chakula kikipikwa.

Sababu ya pili ni sinia la mikate. Unaagiza mikate ya Kihindi, naan na ndugu zake, na inakuja na vibakuli tisa vya kuchovya: chatini ya embe, ya ukwaju, ya giligilani, raita ya tango, achari ya kitunguu saumu, na vingine. Hakuna nyama, huja mapema, kila mtoto anavunja kipande chake, na bibi anaonja ukwaju anatikisa kichwa kwa kuridhika kidogo. Kwa watu wengi hilo peke yake, na sahani moja au mbili za kugawana, hutosha. Baadhi ya vibakuli vina pilipili ya kweli, kwa hiyo muulizeni mhudumu ni vipi kabla mtoto hajazamisha mkate.

Chagueni saa kwa kufuata jua. Disemba jua huzama Orlando kama saa kumi na moja na nusu jioni, na ukibuku saa moja mtakuwa mnaangalia vioo vyeusi. Juni linazama baada ya saa mbili usiku, hakuna wasiwasi. Mkikosa jioni, tafuteni mchana. Sanaa hupika mchana pia, na mchana nafasi hupatikana kirahisi zaidi.

Hoteli hiyohiyo, upande wa Jambo House, kuna Boma, bufe ya asubuhi na jioni. Bufe ni rafiki wa mzazi kwa ile hesabu yangu ya dakika: mnakaa, mmoja anainuka, anarudi na wali na supu. Kwenye bufe za Disney mtoto chini ya miaka mitatu hula bure, wa miaka 3 hadi 9 hulipa bei ya mtoto, na akitimiza 10 analipa kama mtu mzima hata kama ataishia kula tikiti maji. Hapa kuna jambo Waislamu hawaambiwi. Kitamutamu maarufu cha Boma, vile vikuba vidogo vyeupe vyenye mistari ya pundamilia ambavyo watoto huvikimbilia wa kwanza, hutengenezwa na Amarula, pombe ya krimu kutoka Afrika Kusini. Waambieni watoto mapema, kabla hawajaviona.

Jiko, mkahawa wa tatu wa hapo, ni wa mume na mke. Waachieni watoto shangazi yao.

Kuna wanaotaka watoto wale pamoja na Mickey na Donald. Milo hiyo ni ghali, na mnayonunua ni picha, chakula ni ziada. Kama mtaifanya, angalieni iko wapi: Tusker House, ya Donald na wenzake, iko ndani ya bustani ya Animal Kingdom, kwa hiyo bila tiketi ya bustani siku hiyo hamwingii. Chef Mickey's iko ndani ya hoteli ya Contemporary, haihitaji tiketi. Familia inayofanya hivyo siku isiyo ya bustani huokoa siku nzima ya tiketi na bado watoto wamekumbatiwa na Mickey.

Mikahawa ya maonyesho, T-REX na Rainforest Cafe, nawashauri mwende mkijua mnachokwenda. Huko radi au vimondo vya bandia hupiga kila baada ya muda, taa huzimika, masokwe na madinosaria hunguruma. Mtoto wa miaka saba hafungi mdomo kwa raha. Mtoto wa miaka miwili hujificha chini ya meza. Ombeni meza ya mbali na wanyama, na piteni dukani kwa haraka. Mlango wa kutokea umepitishwa dukani makusudi.

Menyu ya watoto na mitego ya nguruwe

Menyu ya watoto ni moja Orlando nzima: vipande vya kuku, makaroni na jibini, pizza, baga. Mtoto aliyezoea wali na mchuzi huivumilia siku mbili. Siku ya tatu mpeni wali. Wahindi wanao, Wachina wanao, na Kissimmee kuna Waporto Riko wengi ambao wali wao wa mbaazi na ndizi mbichi zilizobondwa zikakaangwa vitawafanya muulizane kama mpishi ametoka Lamu. Lakini kabla hamjaagiza huo wali, ulizeni umepikwa na nini, kwa sababu mara nyingi mbaazi hizo huungwa na nyama ya nguruwe. Maharage ya Kikuba vivyo hivyo. Mboga za majani na maharage mabichi ya mikahawa ya Kimarekani ya kusini pia: mtu anaagiza "mboga tu" kwa usalama, naye ndiye amepata kipande cha nguruwe sahanini.

Maneno ya kuyajua kwenye menyu ni bacon, ham, sausage, pepperoni, chorizo, carnitas, prosciutto, pancetta, tocino na lard. Ya pombe ni bourbon, marsala, wine sauce na rum. Asubuhi, ulizeni kama mayai yenu yatapikwa kwenye bamba lilelile la bacon. Wengi watawapikia kwenye kikaango cha pembeni bila kununa. Kwenye samaki, ulizeni kama mafuta ya kukaangia ni mamoja na ya kuku. Florida ina chewa, ambaye menyu humwita grouper, na ina kamba wazuri. Samaki wa kuchoma na wali mweupe, mavyaa wangu hushukuru.

Swali la halali kwenye mikahawa ya Disney liulizwe wakati wa kubuku, si mezani, na lirudiwe mkifika. Mkiwa na mtoto asiyeweza kula njugu, maziwa au mayai, andikeni vilevile wakati wa kubuku. Kwenye hilo Disney wako makini kuliko sehemu nyingi nilizokula. Wana menyu za pembeni, na mara nyingine mpishi mwenyewe hutoka kuja kuzungumza nanyi.

Chai msitegemee mkahawa. Bebeni majani, iliki na tangawizi ya unga, nunueni maziwa, na chumbani kuna mashine ya kahawa ya kuchemshia maji.

Baadhi ya hoteli huwalisha watoto bure mzazi akinunua sahani yake. Ulizeni mambo matatu: ni mlo wa asubuhi tu au siku nzima, hadi umri gani, na ni watoto wangapi kwa mzazi mmoja. Nilishawahi kukaa na wifi yangu na watoto wake watano kwenye hoteli moja ambayo "bure" yake ilikuwa mtoto mmoja kwa kila mtu mzima, na hakuna aliyelisema hilo mpaka bili ilipokuja.

Bili

Bei ya menyu si bei mtakayolipa. Kodi ya mauzo huongezwa mwisho: asilimia 6.5 mkiwa kaunti ya Orange, ambako ndiko International Drive na sehemu kubwa ya Disney, na 7.5 mkiwa Osceola, ambako ndiko Kissimmee. Juu yake kuna tipu, ambayo hapa ni mshahara wa mhudumu hasa, asilimia 15 hadi 20. Kwa hiyo chakula cha dola 100 pale Kissimmee, kwa tipu ya 18, ni dola 125 na senti 50. Wageni kutoka nyumbani wapigieni hesabu hii kabla hawajafungua menyu, wasije wakaanza kubishana na msichana wa watu mezani. Kwenye kaunta, mnakojichukulia wenyewe, tipu si lazima, hata kama kiskrini kinawaangalia.

Kisha someni bili mstari kwa mstari. Disney huongeza asilimia 18 wenyewe mkiwa watu sita au zaidi, na familia zetu ni nadra kupungua sita. Mikahawa mingi ya wageni ya 192 na International Drive huongeza hata mkiwa watatu, ikiitwa gratuity au service charge, na bado chini kuna mstari mtupu wa kuandika tipu. Kama imeshatiwa, pigeni mstari pale patupu, andikeni jumla, tieni saini, mwondoke.